Pu'er mbichi ya zamani: kuimega, kuiamsha na kuinywa mpaka jani la mwisho

Anayekunywa pu'er mbichi ya zamani kwa mara ya kwanza hukosea mara mbili kwa mkupuo mmoja. Amesikia kwamba chai ya Kichina huungua, kwa hiyo anapooza maji kwanza. Halafu anayaacha majani yaloweke dakika tano, kama anavyofanya na chai ya pakiti. Chai hii inataka kinyume cha hayo yote mawili: maji yatokote hasa, majani yawe mengi, maji yawe kidogo, na muda uhesabiwe kwa sekunde. Nimeinywa tangu nilipoanza safari za biashara Guangzhou, na nimewafundisha ndugu na marafiki wengi mezani kwangu. Aliyeshika mambo hayo manne hajapata kuniambia kwamba chai imemshinda.

Kwanza, ujue unachonunua

Pu'er hutoka Yunnan, mkoa wa kusini magharibi mwa China unaopakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Mti wake ni wa majani makubwa, ukoo uleule wa chai ya Assam na ya kwetu Kericho. Kinachoitenga ni namna jani linavyotendewa. Kericho jani husagwa na kuachwa ligeuke jeusi kiwandani kwa saa chache, kazi ikaisha. Yunnan huchumwa, hunyaushwa, hukaangwa kwenye karai kwa moto wa kiasi, hufikichwa, kisha huanikwa juani. Moto ule wa kiasi haumalizi kila kitu ndani ya jani. Kinachobaki, pamoja na vijidudu wa hewani na unyevu, huendelea kufanya kazi polepole miaka na miaka, na ukakasi wa mwanzo hupungua mwaka baada ya mwaka.

Majani makavu hufukizwa kwa mvuke kidogo tu mpaka yalegee, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mdomo wa mfuko husokotwa fundo, na mtu hupanda juu ya jiwe zito kuukandamiza. Ukigeuza mkate wa chai utaona kishimo katikati ya mgongo wake: hapo ndipo fundo la kitambaa lilipokaa. Mkate wa kawaida una gramu 357, na mikate 7 hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi kupata karibu kilo 2.5. Yapo pia matofali, na vipande vidogo vyenye umbo la kiota cha ndege, lakini kwa anayeanza mkate ndio rahisi kumega.

Neno "mbichi" lisikupoteze. Wachina huita sheng, yaani mbichi, pu'er inayoachwa izeeke yenyewe. Na shou, yaani iliyoiva, ile iliyoharakishwa. Uharakishaji huo ulianza Kunming, mji mkuu wa Yunnan, mwaka 1973. Majani hurundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa, na joto la rundo hufanya kwa wiki kadhaa kazi inayofanana na ya miaka mingi. Shou ni nyeusi, laini na ya bei nafuu, na mimi mwenyewe huinywa jioni. Ila ladha yake haifiki pale inapofika mbichi iliyokaa miaka 15 au 20, na hapa ndipo wanunuzi wanapoibiwa, maana jicho lisilozoea huona zote nyeusi.

Mimi niliibiwa hivyo. Duka moja Guangzhou waliniuzia mkate wenye karatasi iliyotobolewa na wadudu, wakasema ni wa miaka ya 1990. Nilipofika nyumbani maji yake yalitoka meusi tangu sekunde ya kwanza, mazito, yenye harufu ya gunia lililolowa ghalani. Nikamwaga majani kwenye sahani nyeupe: yalikuwa mafupi, magumu, meusi kama makaa, hayakunjuki hata ukiyavuta kwa kucha. Ilikuwa shou, imewekwa mahali penye unyevu ili ionekane kizee. Iliniuma, maana ule mkate niliukusudia kwa ajili ya baba yangu. Tangu siku hiyo sinunui mkate mzima kabla sijanywa kipande chake, na ndivyo ninavyokushauri: nunua gramu 20 au 30 za kuonja kwanza. Muuzaji mzuri hakatai.

Mbichi ya kweli iliyozeeka hutoa maji mang'avu. Inua kikombe kwenye mwanga, uone mpaka chini. Rangi yake huanzia asali iliyokolea kwa chai ya miaka 10 na kitu, ikaelekea wekundu wa mninga uliopakwa mafuta kadiri miaka inavyozidi. Majani yake yakishanyweka hukunjuka na kuonyesha kahawia yenye kijani kwa mbali, na ukiyavuta kati ya vidole yananyumbuka kabla ya kukatika. Sahani ya majani yaliyotumika inasema kweli kuliko karatasi yoyote ya kufungia.

Namba nazo huwapoteza watu. Mkate ulioandikwa 7542 haukutengenezwa mwaka 1975. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka ulipobuniwa mchanganyiko wenyewe, 4 ni daraja la majani, na 2 ni kiwanda cha Menghai. Mchanganyiko huo umeendelea kutengenezwa miaka yote hii, kwa hiyo mkate wa 7542 unaweza kuwa na umri wa miaka 30 au wa miezi mitatu.

Kama unaanza, tafuta mikate ya mwaka 2005 mpaka 2007. Kipindi hicho watu walinunua pu'er kama wanavyonunua viwanja. Mwaka 2007, mwaka uleule mji wa Simao ulipopewa jina la Pu'er, bei zilipanda kupita kiasi kisha zikaporomoka. Mikate ya wakati huo bado inapatikana, na umri wake leo unatosha kabisa kukuonyesha uzee wa chai ni nini bila kukutoa jasho mfukoni.

Ilikaa wapi?

Kwangu swali hili ni zito kuliko la umri. Hong Kong ni joto na unyevu. Chai huzeeka upesi, maji hugeuka mekundu mapema, harufu huelekea udongo na mbao. Kunming iko juu, hewa yake ni kavu na ya ubaridi, na mkate wa miaka 20 uliokaa huko huwa bado na ukali wa ujana. Mimi ni mtu wa Pwani na ulimi wangu unapenda ya Hong Kong, mradi ghala lake halikuzidisha unyevu. Wengine ninaowaheshimu sana wanapenda ya Kunming. Onja zote mbili ndipo uamue.

Nyumbani kwako mambo ni yaleyale. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zinashabihiana na Hong Kong, na wakati wa masika mkate ulioachwa karibu na ukuta unaotoka jasho hushika ukungu. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 mpaka 70 ndio unaoifaa. Mimi huiweka kwenye mtungi wa udongo usiotiwa rangi, juu ya kabati, mfuniko ukiwa umeegeshwa tu. Iwe mbali na jiko, mbali na iliki na mdalasini, mbali na sabuni, na mbali kabisa na chumba kinachofukizwa udi, kwa maana jani hili linanyonya kila harufu. Friji haifai. Nairobi au Mbeya shida yako ni ukavu, kwa hiyo funga boksi vizuri na ukubali kwamba chai itazeeka kwa mwendo wa pole.

Ukiona ukungu wa manjano, kijani au mweusi, tupa. Usiusugue ukasema utaosha na maji ya moto.

Vyombo

Unahitaji chombo kidogo cha kulowekea cha mililita 100 mpaka 120. Wachina hutumia bakuli la kaure lenye kifuniko na kisahani, jina lake gaiwan, na kwa anayejifunza hakuna kinacholishinda: halinyonyi ladha, linafunguka, unaona majani yanafanya nini. Buli dogo la udongo wa Yixing, mji wa China unaosifika kwa mabuli, ni zuri zaidi kwa chai ya zamani kwa sababu linashika joto, ila bei yake ni kubwa na bandia ni nyingi. Linaweza kungoja.

Jagi dogo la kioo la kumiminia, chujio, mizani ndogo kama ya sonara. Vikombe tunavyo: vifinjani vya kahawa chungu ndivyo hasa. Anayekaa kibarazani akanywa kahawa kwa vifinjani vitatu vinne, kidogo kidogo, mazungumzo yakiendelea, ameshajua mwendo wa kunywa pu'er.

Maji

Maji yenye chumvi ya kisima yanaizima chai hii moja kwa moja. Inakuwa bapa, haina harufu. Tumia maji laini, ya mvua yaliyochujwa vizuri au ya chupa yenye madini machache.

Yatokote mpaka mapovu makubwa yapande, na yatumie papo hapo. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji hutokota kwa nyuzi moja pungufu. Dar ni nyuzi 100, Nairobi ni kama 94. Msomaji wa Nairobi asifadhaike: Kunming, mji mkuu wa mkoa inakotoka chai hii, uko kwenye mita 1,900 hivi, na maji yake hutokota palepale yanapotokota ya Nairobi. Unachopaswa kufanya ukiwa nyanda za juu ni kuongeza sekunde mbili tatu, na kupasha chombo moto sana kabla ya kutia majani. Kupasha huko ni lazima hata Pwani. Jaza gaiwan maji yanayotokota, mimina kwenye jagi, kutoka jagi kwenye vifinjani, kisha mwaga.

Kumega

Laza mkate juu ya karatasi safi, mgongo juu. Tumia sindano ya chai au kisu chembamba kisicho na makali. Shazia nene ya kushonea magunia inafanya kazi vilevile. Ingiza ncha ubavuni, pale tabaka za majani zinapoonekana kama kurasa za kitabu, isukume polepole kwa ulalo kuelekea kati, kisha inua. Kipande kitabanduka chenyewe. Ukichoma kutoka juu kwenda chini unavunja majani, na jani lililovunjika hutoa uchungu wote kwa mara moja. Mkono unaoshika mkate usikae mbele ya ncha. Mikate iliyokandamizwa kwa mashine ni migumu kama ubao, na sindano ikiteleza inaingia kiganjani.

Pima gramu 7 kwa chombo cha mililita 100. Chagua kipande kimoja au viwili bapa na majani machache yaliyochambuka, vumbi libaki kwenye karatasi. Kama chai imetoka mbali au imefungiwa kwenye plastiki muda mrefu, imege wiki mbili kabla na uiache ipumue ndani ya chungu kidogo cha udongo. Tofauti utaisikia puani.

Kuiamsha

Tia majani kwenye gaiwan iliyopashwa moto, funika, tikisa mara mbili, funua, unuse. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chai iliyolala miaka 20 hutoa pumzi yake ya kwanza hapo: mbao ya kabati kuukuu, tende kavu, udongo ulionyeshewa, na mara nyingine kafuri, ile karafuu maiti tunayoijua kwenye sanda. Usishtuke ukiisikia, ni alama ya chai iliyozeeka vizuri.

Sasa mimina maji yanayotokota mpaka yafunike majani, hesabu sekunde 5, yamwage yote. Haya hayanywewi. Yanaondoa vumbi na kulegeza kipande kilichokandamizwa. Kama mkate ni mgumu au ulikaa ghala la unyevu, rudia mara ya pili. Kisha funika na uache dakika moja bila kufanya lolote. Mvuke unaobaki ndani unaendelea kufungua majani kutoka katikati, na ukiruka dakika hii maji ya kwanza yatakuwa mepesi na ya tatu yatakuwa makali ghafla.

Maji ya kwanza na yanayofuata

Kwenye nazi, tui la kwanza ndilo zito. Hapa sivyo. Maji ya kwanza na ya pili ni ya kubisha hodi; uzito huja kwenye ya tatu mpaka ya sita, na utamu mara nyingi huja baada ya ya saba, wakati mtu asiyejua ameshatupa majani.

Maji ya kwanza: mimina, funika, hesabu mpaka 8, toa yote. Nasema yote. Tone likibaki chini linaendelea kupika majani, na kikombe kinachofuata kinakuwa kichungu. Shika ukingo wa gaiwan kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada kikandamize kishikio cha kifuniko, sogeza kifuniko uache upenyo mwembamba kuliko jani, kisha pindua kwa mkono usiositasita. Ukisita, mvuke unakuunguza. Fanya mazoezi na maji baridi kwanza, hasa kama bakuli lako halina ukingo mpana.

Maji ya pili, ya tatu na ya nne yape sekunde 5 mpaka 8 tu, kwa sababu majani sasa yamefunguka. Ya tano na ya sita, 10. Kuanzia hapo ongeza 5, kisha 10, kisha 20, ukifuata ulimi wako kuliko saa. Rangi ikianza kufifia, ongeza. Chai nzuri ya zamani hufika maji ya 12, na iliyo bora hupita 15. Birika lisipoe katikati. Lirudishe motoni kila baada ya maji mawili matatu.

Unapokunywa, usimeze haraka. Vuta kidogo, acha ipite juu ya ulimi, halafu ngoja. Uchungu ukija ukaondoka upesi na kuacha utamu kooni, hiyo ndiyo sifa ambayo Wachina huiita huigan, utamu unaorejea. Ukakasi ukikaa ulimini kama umetafuna bibo, chai bado changa au umeiloweka mno. Usitie sukari wala maziwa. Utalipia miaka 20 halafu uifunike. Kitu kinachokwenda nayo vizuri ni tende mbili au kipande cha kashata pembeni.

Usiinywe na tumbo tupu. Ina kafeini ya kutosha, na mtu asiyekula anaweza kutetemeka mikono na kusikia kizunguzungu. Usiku nao uupishe. Wauzaji wengi wataisifia kwamba inayeyusha mafuta mwilini na kuponya hiki na kile. Mimi siinunui kama dawa, na sioni kwa nini chai yenye ladha hii ihitaji kusingiziwa udaktari.

Ikienda vibaya

Ikiwa kali na chungu, punguza sekunde, usipunguze joto. Maji yaliyopoa huondoa uchungu na harufu kwa pamoja. Bado kali? Punguza majani mpaka gramu 5.

Ikiwa bapa na haina kitu, badili maji kabla hujailaumu chai. Nimeona mkate mmoja ukidharauliwa Temeke na kusifiwa Kibaha ndani ya wiki moja, kisa ni maji.

Ikinuka ghala, ioshe mara mbili, na kilichobaki kwenye mkate kitandaze kwenye chungu wiki sita au nane mahali penye hewa. Harufu ya ghala huondoka. Ya ukungu haiondoki.

Zamu ya sufuria

Maji yakishakuwa ya rangi ya majani makavu ya mpunga na hayana tena mwili, usitupe. Chukua sufuria ndogo, tia majani yote na maji nusu lita, weka kwenye moto mdogo, yatokote taratibu dakika 10. Kile ambacho kingeiua chai mwanzoni sasa ndicho kinachoitoa ya mwisho: maji mekundu laini, matamu bila sukari, hayana uchungu wowote, na nyumba nzima inanukia mbao. Ukiwa na wageni, hapa ndipo pa kuleta vikombe vikubwa. Yakiisha, mwaga majani kwenye sahani nyeupe, yatandaze kwa vidole, uyatazame: urefu wake, kikonyo na machipukizi yaliyobaki mazima. Kisha yapeleke kwenye chungu cha maua.